Tabo ya Arusha, Hewa ya Tanga

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, nami nitazungumzia petroli. Mnivumilie. Kufunga tabo yenyewe mafundi wengi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha wanaweza: manifoldi, bomba la oili, intakula ya kupoza hewa, na jioni gari linapiga mluzi. Kinachoua injini ni hesabu ambayo haikufanywa kabla ya mluzi huo.

Tuchukue Altezza RS200, maana naona zimepaki hapo nje na wenyewe mmekaa safu ya mbele. Injini yake ni 3S-GE ya lita 2. Ilipotoka mwaka 1998, yenye gia za mkono ilikuwa na nguvu za farasi 210 bila tabo yoyote, na kompresheni yake, yaani kiasi silinda inavyoubana mchanganyiko wa hewa na petroli, ni zaidi ya 11 kwa 1. Toyota haohao walipoitia tabo injini ya ukoo huo, ile 3S-GTE, waliishusha kompresheni hadi kati ya 8.5 na 9, na kwenye matoleo ya baadaye wakaweka nozeli, vile vipulizio vya petroli, za cc 540 kwa dakika. Kwa hiyo mwenye kutaka busti, yaani presha ya hewa inayoongezwa na tabo, juu ya kompresheni ya 11 aanze kwa kufungua injini aishushe kompresheni. Mimi naendelea na yule aliyekwisha kuifungua.

Injini ya tabo, kwa kipimo cha gereji, inakunywa kama cc 6 za petroli kwa dakika kwa kila farasi mmoja. Unataka farasi 300? Hizo ni cc 1,800 kwa dakika, yaani lita 108 kwa saa. Gawa kwa silinda 4, unapata 450 kwa kila nozeli. Msikimbilie kununua za 450! Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, mipigo yote minne ya silinda inakwisha ndani ya milisekunde 17, na humo nozeli inatakiwa ifunguke, imwage, ifunge. Nozeli iliyobaki wazi muda wote haitawaliki tena. Tunaipa asilimia 80 tu ya muda huo, na 450 ukigawa kwa 0.8 unapata 562. Toyota walikuwa na farasi 245 hivi na wakaweka 540. Kwa hesabu hii hii, nozeli zao hazikufika hata asilimia 70. Wao wenye maabara walijiachia nafasi, sisi tunabana mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye ugomvi wangu na mafundi wa mji huu. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama baa 0.85 badala ya 1 ya pwani. Springi ya westigeti, ule mlango unaozuia busti isizidi, inapima busti juu ya hewa iliyopo mahali ulipo. Ukiiweka 0.7, hapa injini inapokea baa 1.55. Ijumaa unashuka na familia: Moshi, Same, Korogwe, mpaka Tanga. Springi ni ileile, geji inasoma 0.7 ileile, lakini injini sasa inapokea baa 1.7, karibu asilimia 10 zaidi. Joto la pwani linaipunguzia hewa uzito kidogo, kweli, ila hilo hilo joto linaikaribisha injini kunoki, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda. Gari lililotengenezwa hapa Njiro, nozeli zikiwa zimeshafika mwisho, halina mafuta ya kuongeza.

Na dereva hatajua. Kwenye busti tunataka kilo 1 ya petroli kwa kilo 11.5 hadi 12 za hewa, wakati kwenye mwendo wa kawaida ni 14.7. Ile ziada inapooza chumba cha moto. Ikikosekana, gari linaweza hata kuvuta vizuri kuliko jana, mpaka pistoni itoboke. Na hapo sijamtaja mwuzaji aliyechakachua petroli kwa mafuta ya taa na kuishusha okteni, yaani uwezo wake wa kuhimili kunoki. Huyo anavuruga hesabu zote. Basi pigeni hesabu ya Tanga hata kama mnalala hapahapa Sakina.

Pampu. Ile iliyoandikwa lita 255 kwa saa inatoa hizo kwa presha fulani na voti fulani. Reli, yaani bomba linalozigawia nozeli mafuta, inataka baa 3 juu ya presha ya manifoldi ya kuingizia hewa, kwa hiyo kwenye busti ya 0.7 pampu inasukuma dhidi ya 3.7, na kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyotoa kidogo. Pimeni voti palepale pampuni, injini ikiunguruma. Ukikuta 11 huku betri ina 13.8, acha pampu ya watu. Weka rilei, fyuzi na waya mnene kutoka betri. Gari lisilo na bomba la kurudisha mafuta tenkini, reli yake ikibaki kwenye 3 ileile, kwenye busti nozeli inabakiwa na 2.3 ya kusukumia, na unapoteza asilimia 12 ya mafuta wakati ule ule unaoyahitaji. Wekeni regyuleta, kile kidhibiti cha presha ya mafuta, inayofuata presha ya manifoldi.

Mpira wa kupitishia mafuta ndani ya tenki uwe umeandikwa 30R10, wa nje 30R9. Kwenye hili sibishani na mtu, ni moto.

Kijana anauliza kama nozeli kubwa hazitamfilisi kwa mafuta. Hapana, mdogo wangu, kompyuta ikishaambiwa ukubwa wake na muda unaopotea katika kufunguka, itazifungua kwa kifupi zaidi. Usipoiambia, ndiyo plagi zinakuwa nyeusi.

Na kabla ya kukabidhi gari, funga geji ya presha ya mafuta uione ukiwa kitini, ila kwa sensa ya umeme. Petroli isiingie kabini. Tafuta barabara tupu, gia ya tatu, kanyaga. Busti ikifika 0.7, mafuta yasome 3.7. Yakigoma kwenye 3.4, ondoa mguu palepale, rudi gereji, anza na filta.