Gemu za Windows Kwenye Mac: Kabla Hujamaliza Bando

ZUHURA: Karibuni tena, wapendwa. Kaka Baraka, leo nakuja na swali la nyumbani. Mdogo wangu amepata Mac ya M1, yaani yenye chipu ya Apple wenyewe, RAM yake GB 8, na gemu zake zote za Steam, lile duka la gemu mtandaoni, ni za Windows. Ananiuliza aweke Windows humo. Nimjibu nini?

BARAKA: Mwambie atulie kwanza, dada. Mac za Intel zilikuwa na Boot Camp tangu 2006: unagawa diski, unawasha Windows moja kwa moja. Apple walipoanza kutumia chipu zao mwishoni mwa 2020, Mac mpya zikaja bila mlango huo. Yeye ana njia mbili. Kuna mashine pepe kama Parallels, ambako Windows 11 ya ARM, toleo la chipu za aina hiyo, inakaa nzima ndani ya dirisha. Halafu kuna programu iitwayo Wine.

ZUHURA: Ambayo yenyewe si Windows.

BARAKA: Wala haina hata kipande cha Windows. Ilianza 1993. Gemu ikiomba faili au sauti, Wine inaipokea ile amri na kuitimiza kwa njia ya macOS. CrossOver ya CodeWeavers ni Wine hiyohiyo iliyorahisishwa. Ya kulipia, ila siku 14 za majaribio ni bure.

ZUHURA: Mimi nilifungua ile folda ya CrossOver inayobeba gemu, wanayoiita chupa. Ndani nikakuta drive_c, na humo Program Files, users, windows, kila kitu mahali pake. Gemu ikiamka inaiona diski C yake na inaendelea na kazi. Nilibaki naitazama tu. Watu wamefanya kazi kubwa sana pale.

BARAKA: Kubwa mno, na hapo hujagusa chipu. Gemu imeandikwa kwa chipu za Intel na AMD, kwa hiyo Rosetta 2, programu ya Apple, inageuza maagizo hayo yaeleweke na chipu ya Mac. Picha za DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuchora, nazo zinageuzwa kuwa za Metal, mfumo wa Apple; kazi hiyo inafanywa na D3DMetal, ambayo Apple waliitoa 2023. Wakalimani watatu, gemu moja! Ndiyo maana ukiingia sehemu mpya picha inakwamakwama: maelekezo ya kuchora yanatayarishwa kwa mara ya kwanza. Ukipita tena palepale, mara nyingi inateleza. Inaniuma mtu akifuta gemu dakika ya tano.

ZUHURA: Na Parallels kwa GB 8?

BARAKA: Programu za ofisini, sawa. Kwa gemu nzito simshauri. Mifumo miwili inagawana RAM hiyohiyo ndogo.

ZUHURA: Sasa, anachokitaka hasa ni gemu ya Valorant.

BARAKA: Hapo hapana, tusimdanganye. Vanguard, ile programu yake ya kuzuia udanganyifu, inaingia hadi kwenye kiini cha Windows, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo. Wine haina kiini hicho, na ndani ya mashine pepe inakataa. Asitumie hata MB moja.

ZUHURA: Bando ndilo linalonigusa. Kuna gemu niliipakua usiku tatu mfululizo, GB 60, haikufunguka. Steam walinirudishia hela kwa sababu nilikuwa ndani ya siku 14 na sijafikisha saa 2 za kucheza. Bando likaenda jumla.

BARAKA: Ndiyo maana mimi nasema atafute kwanza toleo la Mac lenyewe. Cyberpunk 2077 imeletwa Julai 2025, Baldur's Gate 3 ipo siku nyingi. Halafu Apple wamesema Rosetta kamili itaendelea kuwepo hadi macOS 27 tu. Baada ya hapo watabakiza sehemu yake kwa gemu za zamani. Kwa hiyo asikimbilie kununua gemu kumi za Windows leo.

ZUHURA: Aanze na ipi, basi?

BARAKA: Gemu ndogo ambayo tayari anaimiliki, hata ya GB 1. Aiweke kwenye chupa yake peke yake, acheze nusu saa bila kugusa mipangilio.

ZUHURA: Nampigia tukimaliza kurekodi. Saa hizi atakuwa ametoka chuo.