Mashine Iliyozimwa Bado Inazunguka

Mhadhara kwa madereva wa mashine za nyasi, mafundi na wasimamizi wa viwanja, Nakuru

Waheshimiwa wasimamizi, mafundi wenzangu, madereva wa mashine, kaka na dada zangu mliotoka Njoro, Kericho, Kisumu na Kakamega, hamjambo. Nawashukuru kwa kuziacha nyasi zenu kwa asubuhi moja, maana najua kwamba wakati huu wa masika nyasi hazimngojei mtu, na mkirudi mtazikuta zimefika kwenye vifundo vya miguu.

Nimefanya kazi na mashine hizi kwa miaka mingi, kwanza nikizisukuma, kisha nikiziendesha, na sasa nikizitengeneza. Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe, katika kiwanja ambacho sitakitaja. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ulikuwa mzito, na mashindano yalikuwa yaanze saa mbili. Nyasi mbichi zikaziba tundu la kutolea majani katika mashine yangu ya kisu cha kuzunguka. Mashine za namna ile huwa na chuma chembamba kwenye mpini ambacho dereva hukibana kwa mkono ili injini iendelee kunguruma, na akikiachia izime. Chuma cha mashine yetu kilikuwa kimefungwa kwa waya kwa miezi mingi, kwa sababu springi yake ilikuwa imeharibika na kukibana kwa saa nzima kulitutia ganzi mkononi. Basi nikazima kwa swichi, nikainama, nikatia mkono. Injini ilikuwa imenyamaza, lakini kisu kilikuwa hakijasimama. Kikaichana glavu ya ngozi na kuondoka na ncha ya kidole changu cha kati.

Nimelisimulia hilo kwa ajili ya ule waya. Kila mmoja wetu humu ndani amewahi kuuona waya wa namna hiyo, na wengine wetu tumeufunga kwa mikono yetu. Katika mashine za kuketi huwa ni kipande cha waya kilichounganisha nyaya mbili chini ya kiti, ili injini isizime dereva anaposhuka. Mahali pengine ni jiwe lililowekwa juu ya kiti. Mahali pengine ni kinga ya plastiki iliyofunguliwa siku ya kubadilisha mkanda, ikatupwa pembeni mwa stoo, na mpaka leo ipo pale chini ya magunia ya mbolea. Yote hayo nayaita waya, kwa kuwa kazi yake ni moja: kuizuia mashine isisimame pale ambapo mtengenezaji alitaka isimame.

Hebu tufanye hesabu tuone ni kitu gani tunachokizuia kisisimame. Chukueni kisu cha kawaida cha mashine ya kusukuma, chenye urefu wa sentimita 53, kikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ncha yake husafiri karibu mita 83 kwa kila sekunde, yaani karibu kilomita 300 kwa saa. Hakuna gari katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret linalokaribia mwendo huo. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hiyo hakisimami kwa sababu tu cheche imekatika kwenye plagi. Huendelea kwa nguvu yake chenyewe mpaka ile nguvu iishe au breki ikishike. Ndiyo maana huko Marekani, tangu mwaka 1982, mashine za kusukuma zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani hutakiwa kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mpini kuachiwa. Sekunde hizo 3 zimewekwa kwa sababu ndio muda ambao mtu anaweza kuuchukua kutoka nyuma ya mpini hadi kufika kwenye kisu. Unapoufunga mpini kwa waya unaiondoa breki hiyo pia, na sekunde 3 zinakuwa nyingi, nawe huwezi kujua ni ngapi.

Kwa hiyo mashine ikiziba, achia mpini, zima, subiri ukiwa umesimama wima, kisha utoe waya wa plagi na uuweke mbali na plagi kabla mkono haujakaribia kisu. Kutoa waya wa plagi kuna sababu yake. Ukikisukuma kisu kwa mkono unaizungusha injini, na injini yenye joto inaweza kuanza kunguruma tena kwa kusukumwa kidogo tu. Halafu tumia kijiti kuondoa majani. Vijiti ni vingi, na hakuna mwajiri atakayekudai gharama ya kijiti.

Mashine za silinda, zile tunazokatia grini, yaani sehemu za nyasi fupi sana za uwanja wa gofu, zina tabia yake. Umbo lake ni la zamani sana: Edwin Budding wa Uingereza aliibuni mwaka 1830, akiiga mashine ya kiwandani iliyokuwa ikipunguza manyoya ya vitambaa, na mpaka leo namna ya kukata ni ile ile, visu vilivyojikunja vikipita juu ya kisu kimoja kilichotulia, kama mkasi. Mkasi huo hauhitaji kasi kubwa ili ukate kidole. Hatari yake iko mahali ambapo wengi hatupaangalii. Katika mashine yenye silinda kadhaa, ukiizungusha moja kwa mkono ili kuondoa kijiti kilichokwama, nyingine inaweza kuzunguka pia, na kama mwenzako anasafisha upande wa pili, wewe ndiye utakayemkata. Nawaomba jambo hili liwe desturi karakanani: anayefanya kazi kwenye silinda ni mtu mmoja, na ufunguo wa mashine uko mfukoni mwake. Na siku ya kunoa kwa kuzizungusha silinda kinyumenyume na kuzipaka dawa ya kunolea, brashi iwe na mpini mrefu, kwa sababu mpini mfupi huuleta mkono karibu na visu kila dawa inapokauka na kutaka kuongezwa.

Kwa wale wenye trekta na slasha ya kuvuta, hasa mlio katika shule na viwanja vya kaunti, ile fimbo inayopeleka nguvu kutoka kwenye trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, ambazo ni mara 9 kwa sekunde. Fimbo yenye unene wa sentimita 6 ikishika ukingo wa ovaroli, leso au kamba ya koti la mvua, huvuta zaidi ya mita moja na nusu ya kitambaa kwa sekunde moja. Mkono wa mtu mzima haufiki mita moja. Hakuna nafasi ya kupiga kelele, wala ya kumwambia mwenzako azime. Kinga ya plastiki inayoifunika fimbo hiyo ikipasuka, trekta isitoke. Nalisema hili bila kulilainisha, hata kama ni wiki ya michezo na mwalimu mkuu amesimama langoni.

Sasa tuje kwenye miteremko, ambako ningependa tukae kidogo, kwa kuwa sisi wa Bonde la Ufa na wa magharibi hatuna ardhi tambarare ya kutosha. Nakuru yenyewe imeegemea mlima wa Menengai, Kericho ni vilima vitupu, na hata Kisumu, ambako kando ya ziwa ni tambarare, kuna kingo za mifereji na matuta yanayokatwa kila wiki. Vitabu vingi vya mashine za kuketi huonya dhidi ya kukata mahali palipozidi nyuzi 15. Jicho halipimi nyuzi. Chukueni ubao wa mita moja na pimamaji. Wekeni ncha moja ya ubao juu ya mteremko, shikeni ubao uwe sawasawa kabisa, kisha pimeni umbali kutoka ncha ya pili hadi chini. Ukifika sentimita 27, hapo ni nyuzi 15. Pakeni rangi mawe mahali hapo, na kutoka mawe hayo kwenda upande wenye mwinuko mkali pakatwe kwa mashine ya begani au kwa slasha ya mkono. Na kipimo hicho ni cha ardhi kavu. Kukiwa na umande, au udongo mweusi wa mfinyanzi uliolowa, magurudumu huteleza mahali palipo chini sana ya hapo, na kinachoteleza hakisikii breki wala usukani.

Zile mashine kubwa huja na chuma cha kinga nyuma ya kiti, kinachozuia mashine isimlalie dereva ikipinduka. Sweden ililazimisha kinga hiyo kwenye trekta mpya mwaka 1959. Chuma hicho hufanya kazi pamoja na mkanda wa kiti, kwa kuwa bila mkanda dereva hurushwa nje na chuma chenyewe kinaweza kumwangukia. Lakini angalieni jambo linalokosewa sana: chuma kikiwa kimekunjwa ili kupita chini ya matawi, au kama mashine haina chuma kabisa, mkanda usifungwe, maana utakufungia chini ya mashine. Kwa hiyo kunjeni pale tu penye matawi, piteni polepole, kisha mkisimamishe na mfunge mkanda tena. Najua kwamba wengi hukikunja mwezi Januari na kukikumbuka Disemba.

Kisu kikigonga jiwe, jiwe hulipokea fungu kubwa la kasi tuliyoihesabu. Tembeeni kiwanja kabla ya kukata, mkiokota mawe, vipande vya waya na chupa, hasa asubuhi baada ya harambee au mkutano wa hadhara. Mwenye mashine ya begani asiwe na mtu ndani ya mita 15, na kedi, yule mbeba vifaa vya gofu, au mtoto akikaribia, azime kwanza ndipo amsalimu. Wenzetu wa Kisumu wana jambo la ziada: viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, kwa hiyo anayeanza kazi alfajiri karibu na maji aangalie kwa taa kabla ya kuwasha injini, kwa sababu akishaiwasha hatasikia kitu.

Kuhusu petroli nitasema machache. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche au jiko la chai. Acheni injini ipoe kabla ya kujaza, jazeni nje, na jerikani ijazwe ikiwa imewekwa chini ardhini, si juu ya gari. Mvua ikinyesha, msiwashe injini ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayomlaza mtu asiamke.

Mafuta ya haidroliki, yale yanayopita kwenye mipira ya mashine kwa shinikizo kubwa, ndiyo yanayodharauliwa zaidi. Mpira ukitoboka tundu la sindano, mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo, kama umechomwa na mwiba, wala hakiumi sana mwanzoni, na hapo ndipo mtu hukifunga kitambaa na kurudi kazini huku mafuta yakiendelea kuua nyama ndani. Tafuteni uvujaji kwa kipande cha katoni, kamwe msitumie kiganja. Aliyepenywa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa nguvu, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji wa haraka.

Ngurumo za alasiri tunazijua sote, hasa ninyi wa Kakamega na Kericho. Ukisikia ngurumo, radi tayari iko karibu vya kutosha kukufikia. Shuka, ingia ndani ya jengo, usijikinge chini ya mti, na usirudi kiwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Namalizia na wasimamizi, kwa heshima. Kanuni zetu za kelele za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asikae katika zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, na mashine nyingi za petroli hulifikia kiwango hicho sikioni mwa dereva, kwa hiyo vizibo vya masikio si zawadi ya Krismasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria hiyo hiyo inamkataza mtu yeyote kuchezea kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama, na inampa mfanyakazi wajibu wa kuripoti hatari. Basi dereva anapokuja kusema kwamba springi imechoka, na akaambiwa aende akakate kwanza kwa kuwa wachezaji wanafika, waya utafungwa siku hiyo. Mkono ulioufunga ni wa dereva, lakini aliyeuomba ni yule aliyekataa kununua springi. Kwangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeripoti mara mbili.

Nje tumeziweka mashine nne mlizokuja nazo. Tutaketi juu ya kila moja, breki ya kuegeshea ikiwa imefungwa na watu wakiwa mbali, tuwashe, tuunganishe visu, kisha dereva ainuke kidogo kutoka kwenye kiti. Visu visiposimama, tutainua kiti tuutafute waya. Nimeleta koleo na swichi mpya sita.