Pesa za Shule Zikishaliwa Ndipo Kamati Huketi

(Mhadhara kwa wazazi, wanabodi wa shule na vijana, Kondele, Kisumu)

Oyawore, mulembe, hamjambo. Naona wazee wamekaa mbele na vijana wamekimbilia viti vya karibu na mlango. Si neno. Kabla sijastaafu nilikuwa mhasibu wa shule, yule mnayemwita basa, na basa amezoea kuzungumza na watu wanaotazama mlango.

Nimeombwa nieleze jinsi kamati za Bunge zinavyofuatilia pesa za elimu na za ajira. Bunge liko Nairobi, tutafika. Nianzie kwenye daftari langu.

Shule ya mwisho niliyofanyia kazi ni ya kutwa, jina lake liacheni. Muhula mmoja tulikuwa na wanafunzi 612. Sikuambiwa na mtu, nilipita darasa kwa darasa na kalamu mkononi. Mgao wa serikali ulipoingia benki ulikuwa wa wanafunzi 587. Wale 25 walikuwa wapi? Walikuwa darasani, wananyoosha mikono, wanavunja viti kama wenzao. Ila hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na NEMIS, mfumo wa kompyuta ambao wizara ilitumia kusajili wanafunzi, ulidai nambari ya cheti kabla ya kumtambua mtoto. Mgao wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Zidisha mara 25, unapata 556,100. Kwa shule ndogo hilo ni pengo la kukosesha usingizi.

Na aliyekosa usingizi kwanza ni mlinzi. Huyu haajiriwi na TSC, ile tume ya walimu, anaajiriwa na bodi ya shule, na mshahara wake unatoka kwenye mgao huo huo. Alikaa miezi mitatu bila kulipwa. Jioni moja alinifuata ofisini akaweka tochi yake juu ya meza yangu. "Basa," akasema, "hata betri za hii nimenunua mimi." Akaiwasha kunionyesha, akaizima, akaenda getini. Sikuwa na jibu. Kwa hiyo mkisikia pesa za elimu na pesa za ajira zinatajwa kama mafungu mawili, mkumbukeni huyo mzee. Kwake yalikuwa fungu moja.

Sasa twende Nairobi. Mwaka 2025 ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, ilitoa ukaguzi maalumu wa mgao wa shule. Pamoja na mengine, ulionyesha pesa zilizotumwa kwa shule zisizokuwepo. Niliisoma habari hiyo kwenye gazeti nikiwa kinyozi, nikamwambia kijana asimamishe mashine kidogo. Mimi nilikuwa na watoto wasio na karatasi, kumbe kwingine kulikuwa na karatasi zisizo na watoto.

Tuseme haki, katiba yetu haikuacha mwanya hapa. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani baada ya Juni 30, akague na kutoa ripoti. Kisha Bunge lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote, kama Mahakama Kuu inavyomwita shahidi. Cha 226 kinasema afisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo mwenyewe, awe bado yuko ofisini au ameshatoka. Mnataka meno gani tena?

Shida ni kalenda. Hesabu za wizara zinakwenda kwa Kamati ya Uhasibu, ile PAC. Za vyuo na mashirika ya elimu zinakwenda kwa Kamati ya Uwekezaji wa Umma inayoshughulikia utawala na elimu. Foleni ni ndefu, na mara nyingi kamati inachunguza hesabu za miaka miwili, mitatu nyuma. Mtazameni anayehojiwa siku hiyo. Ana majibu mawili aliyokuja nayo kutoka nyumbani. La kwanza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeingia ofisi hii juzi." La pili: "Stakabadhi hazikuwepo wakati wa ukaguzi, lakini sasa zipo." Zimepatikana! Risiti iliyopotea miaka miwili imerudi yenyewe, haina hata kunyanzi. Mtu aliyewahi kuandika risiti anajua wino mpya unavyong'aa.

Kwenye upande wa ajira sitakawia, maana hadithi ni ile ile. NYS mnaijua, lile shirika la serikali la kufunza vijana kazi, wengine mmepeleka watoto Gilgil, pale kaunti ya Nakuru. Mwaka 2015 ilizuka sakata ya shilingi milioni 791. PAC ikaketi, mashahidi wakaitwa, ripoti ikaandikwa. Mwaka 2018 shirika lile lile likarudi kwenye vichwa vya habari, na safari hii hesabu ilikuwa ya mabilioni. Sisemi kamati haikufanya kazi. Nasema ilifika matangani.

Kuna kamati ambazo hukutana kabla ya pesa kutoka. Hizo hazina sinema, hakuna anayefokewa, kwa hiyo hamzioni kwenye taarifa ya saa moja. Waziri wa Fedha hutakiwa kupeleka makadirio ya bajeti bungeni kabla ya Aprili 30. Kuanzia hapo hadi Juni, Kamati ya Elimu inapitia fungu la elimu na Kamati ya Bajeti inapitia mafungu yote, na katiba inailazimisha isikilize wananchi. Wiki hizo chache ndizo ninazotaka tuzungumzie.

Chukueni mwaka wa fedha wa 2025/26. Makadirio yalipofika bungeni, pesa za mitihani ya kitaifa hazikuwemo. Sifuri. Wabunge wakauliza, walimu wakapiga kelele, wazazi wakashika vichwa. Bajeti iliposomwa Juni, shilingi bilioni 5.9 za mitihani zilikuwa zimerudi. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyesema ameingia ofisini juzi. Swali liliulizwa pesa zikiwa bado ni wino.

Lakini katika bajeti hiyo hiyo kuna swali ambalo halikupata jibu. Wenye simu zitoeni, tupige hesabu pamoja. Sekondari ya kutwa ilipewa shilingi bilioni 51.9. Gawanyeni kwa 22,244. Mmepata ngapi? Ndiyo, wanafunzi milioni 2.33 hivi. Na sekondari zetu za umma, za kutwa na za bweni, ambazo zote hutegemea fungu hilo, zina wanafunzi zaidi ya milioni 3. Sasa mnaona? Pengo lilipigiwa kura mchana kweupe, kabla mwizi hajafika. Hata kama kila senti ingefika salama, mwalimu mkuu angepokea pungufu, na mlinzi angeleta tochi mezani.

Mwezi mmoja baadaye, Julai, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wa Kamati ya Elimu kwamba serikali haina uwezo wa kutoa kiasi chote kwa kila mwanafunzi. Wabunge wakamjia juu. Mbadi huyu ni mtu wa huku kwetu ziwani, na hadi 2024 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa PAC, anauliza maswali. Sasa ameketi upande wa kuulizwa. Mimi sikumlaumu sana siku ile, mnisamehe. Alisema kwa sauti hesabu ambayo nyinyi mmeipiga hapa kwa dakika moja. Nilijiuliza tu: hawa wanaomkaripia, si ndio walioinua mikono Juni?

Na kuna jambo wabunge hawapendi tuliseme. Mgao wa shule hauna picha ya mtu. Unaingia benki kimya kimya. Basari ya NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ina hundi kubwa kama godoro, ina hema, ina hotuba. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka katiba, na mkaona wabunge walivyochemka. Ningependa kuona nusu ya jasho hilo likimwagwa kwa ajili ya zile 22,244. Mtoto akilipiwa mgao wake wote, mzazi hana haja ya kupanga foleni ya basari kwa mheshimiwa tangu alfajiri. Hilo ndilo wasilolipenda, nadhani, ila mimi ni basa tu.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni: sisi tutawaambia nini watu wa kamati, hatujui uhasibu? Mwanangu, mnajua kitu ambacho Nairobi haina. Mnajua shule ya kwenu ina watoto wangapi. Mkaguzi anafika na orodha kutoka wizarani. Kama hakuna karatasi nyingine ya kuilinganisha, orodha ile ndiyo ukweli. Wanabodi, idadi ya wanafunzi na pesa zilizoingia kila muhula ziwe kwenye ubao wa matangazo, pale mzazi anaposimama kusubiri kuitwa. Mwalimu mkuu akikataa, kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari hiyo, na tangu 2016 ipo sheria ya kuidai. Kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi bungeni, hata ukiwa peke yako, hata ukiandika kwa mkono.

Nilipokuwa kazini sikufanya hivyo. Wale watoto 25 niliwaandika kwenye daftari langu, nikampigia simu afisa wa elimu mara tatu, nikanyamaza. Daftari lenyewe ninalo bado, liko kwenye begi hili.

Mezani hapa kuna karatasi zenye safu tatu: jina la shule, wanafunzi walioko darasani, na wanafunzi waliolipiwa. Safu ya tatu wengi hamtaijaza leo, nendeni mkaulize kwanza. Makadirio yakitoka mwisho wa Aprili tutakutana hapa tena tukiwa na za shule zetu zote, tuzifunge pamoja zipelekwe kwa Katibu wa Bunge. Kalamu ni mbili tu, tafadhali zirudi. Mama pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, mpeni kipaza sauti.