Kabla ya Kuvunja Ukuta wa Ndani: Kumpata Fundi na Kuandaa Nyumba

Habari zenu, karibuni. Leo tuko kwenye nyumba ya chini hapa Dar es Salaam. Mwenye nyumba anataka ukuta huu, kati ya sebule na sehemu ya kulia chakula, uondoke. Nyundo hatushiki leo, tunaandaa tu.

Anza darini. Fungua kimlango cha dari, panda na tochi, umulike juu ya ukuta wenyewe. Unaona hapa? Kenchi, yaani fremu za mbao zinazoshika paa, zimelala juu yake, na lenta, ule mkanda wa zege, inapita. Huu umebeba paa. Hauondoki mpaka kuwe na boriti ya kupokea mzigo, na hesabu ya boriti hiyo ni ya mhandisi. Kwenye ghorofa la nguzo na bimu, ukuta wa ndani mara nyingi ni wa kugawa vyumba tu, lakini hata huko mchoro uonekane kwanza. Fundi akiupiga kiganja akakwambia "huu hauna kazi, bosi", muulize amejuaje.

Ukiwa huko juu, tazama na dari yenyewe. Nyumba za zamani nyingine zina bodi au mapaa ya asbesto. Ukiishuku, usiivunje wala kuikata. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye. Simamisha kazi, tafuta mtaalamu.

Sasa fundi. Kazi inayogusa uimara wa nyumba mpe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Omba namba yake ya usajili na uihakiki kwenye bodi. Walio Kenya, hapo ni NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Halmashauri nayo uliza kama kibali kinahitajika. Kwa kaukuta ka kugawa chumba, fundi wa mtaani anatosha, ila nenda ukaone nyumba aliyovunja. Picha za kwenye simu kila mtu anazo.

Mkipatana, andikianeni. Na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa: kifusi ni cha nani? Piga hesabu nami. Ukuta wa mita 3 kwa 3, tofali la inchi 6, bila plasta unakaribia tani 3. Hiyo si safari moja ya kirikuu, ni kadhaa. Kama karatasi inasema "kuvunja" tu, fundi atavunja, atanawa mikono, atakuachia kilima sebuleni. Kwa hiyo iandikwe: kuvunja, kutoa nje, kupakia na kumwaga panaporuhusiwa. Iandikwe pia nani anaziba dari na sakafu pale ukuta uliposimama, na nani analipa akivunja bomba. Advansi toa kidogo. Fungu la mwisho litoke kifusi kikishaondoka.

Siku moja kabla, hamisha vyombo. Kisichohamishika, kama kabati la ukutani, kifunike kwa turubai. Milango ya vyumba vingine ziba kwa nailoni na utepe wa gundi, chini pia, maana vumbi la saruji linapita hata tundu la kitasa. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapa. Nunua za N95. Piga picha za nyufa zote zilizopo, hasa kwenye ukuta mnaopakana na jirani.

Asubuhi ya kazi, zima umeme kwenye swichi kuu. Uniti za LUKU kuisha si kuzima. Mtu akiingiza tokeni, waya uko hai na tindo iko ukutani. Fundi umeme apime kwa testa kila soketi ya ukuta huu. Funga koki kuu ya maji.

Kisha mirunda isimamishwe pande zote mbili kushika kenchi, ndipo tofali la kwanza litoke. Linatoka juu, mstari kwa mstari, huku mmoja akinyunyiza maji. Ukiona kibarua anachimba chini ili ukuta uanguke wenyewe, toa watu wote ndani kwanza, maswali baadaye.