Mfupi wa Laval

ZAITUNI: Wasikilizaji, karibuni tena hapa Kampala. Leo kaka Okello kaja na mchezo wa barafu, hoki ya barafuni. Mimi barafu naijua ya soko la samaki la Ggaba, ile wanayoivunja kwa nyundo na kuwafunika nayo sangara wasiharibike.

OKELLO: Basi waza hiyo imetandazwa uwanja mzima, dada. Kila upande kipa na wachezaji 5, viatu vyenye makali ya chuma chini, wanagombea kisahani cha raba. Mtu hukimbia kwa nguvu zake zote kama dakika moja hivi, anatoka, mwenzake anaingia, na mechi haisimami. Ninayemleta leo ni Martin St. Louis, mzaliwa wa Laval, Quebec, kule Kanada.

ZAITUNI: Uliniambia kabla hatujaanza kwamba ni mfupi.

OKELLO: Mita 1.73 tu, kati ya majitu. Klabu za NHL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani na Kanada, zilipochagua vijana, jina lake halikutajwa hata mara moja. Calgary Flames wakamsajili 1998, wakamwacha 2000. Akaenda Tampa Bay, kule Florida kwenye joto. Mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa ligi, na fainali wakakutana na nani? Calgary!

ZAITUNI: Wale wale waliomwacha?

OKELLO: Wale wale. Fainali huwa mechi hadi 7, anayeshinda 4 ndiye bingwa. Mechi ya 6, Calgary wako nyumbani, wakishinda kombe ni lao. Dakika zikaisha sare. Nyongeza ya kwanza, kimya. Ya pili, sekunde ya 33, St. Louis kafunga! Uwanja mzima ukanyamaza. Mechi ya 7 Tampa wakabeba kombe.

ZAITUNI: Alistaafu lini?

OKELLO: 2015. Na hapa ndipo ninapompendea zaidi. Hakukimbilia klabu kubwa kwa sababu ya jina. Alikaa Connecticut akifundisha timu za watoto, wanawe wakiwemo. Februari 2022 Montreal Canadiens wakamwita, wakiwa mkiani mwa ligi, na yeye hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya watu wazima.

ZAITUNI: Umenikumbusha jirani yangu. Alicheza mpira vizuri sana. Siku hizi jioni anafundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi jekundu, koni zake ni chupa za maji alizojaza mchanga. Alikwenda kuomba kazi kwenye klabu moja, wakamuuliza amefundisha wapi. Akasema, watoto. Wakamrudishia bahasha yake papo hapo. Iliniuma, ssebo.

OKELLO: Inauma kweli. Watoto hawajui wewe ulikuwa nani, lazima uwaeleweshe. Na kucheza vizuri si kufundisha vizuri. Angalia Wayne Gretzky, nyota wa hoki hii hii, hakuna aliyefunga mabao mengi kama yake enzi zake. Lakini alifundisha klabu ya Phoenix misimu 4, 2005 hadi 2009, hakuwafikisha hata mara moja kwenye mechi za mtoano.

ZAITUNI: Na huyu wako wa Laval?

OKELLO: Msimu ule alioitwa, Montreal walimaliza wa mwisho kabisa. Lakini aliachwa afanye kazi, na vijana wakakua mikononi mwake. Mwaka 2025 wakaingia mtoano. Walitolewa na Washington raundi ya kwanza, ila waliingia.

ZAITUNI: Miaka mitatu. Nani hapa kwetu humpa kocha miaka mitatu? Jumamosi nakwenda kwa yule jirani na kinasa sauti. Nataka atueleze anamwambia nini mtoto mfupi kuliko wote siku anapoachwa benchi.

OKELLO: Nenda, dada. Hicho ndicho kipindi chetu kijacho.