Mguu Huu Hauendi, Ule Hausikii Moto

Karibuni, wa nyuma sogeeni. Leo sina picha; nitatumia mgongo wangu mwenyewe.

Kaletwa kijana kachomwa kisu mgongoni, upande wa kulia, usawa wa chuchu. Mguu wa kulia haunyanyuki, lakini ukiuchoma kwa pini anapiga kelele. Wa kushoto anaurusha atakavyo, ila pini hasikii, barafu hasikii. Mnasemaje?

Nimemsikia aliyesema "anajifanya." (Kicheko.) Usiandike hivyo kwenye faili la mtu. Huyu anasema kweli tupu.

Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe, kamba laini inayopitisha habari kati ya ubongo na mwili, na humo zinatoka neva, nyuzi za habari hizo, jozi 31. Habari za maumivu na joto zikishaingia kwenye ugwe huvuka upande wa pili karibu palepale, ndipo zipande. Habari za mtetemo na mkao wa viungo hazina haraka: hupanda upande uleule, zikavukie chini ya ubongo. Amri za mwendo nazo nyingi zimeshavuka huko juu kabla ya kushuka. Sasa kata nusu ya kulia. Mguu wa kulia umekosa amri. Wa kushoto maumivu yake yalikuwa yanapitia kulia. Mfumbe macho kijana, msogeze kidole gumba cha mguu wa kulia: hajui kama kimekwenda juu au chini.

Aliyelieleza hili ni jirani yetu wa Bahari ya Hindi, daktari Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Uzeeni alijidunga maji ya korodani za wanyama apate nguvu. Hayo tuyaache.

Mzee aliyeanguka kifudifudi, shingo ikapinda nyuma, mikono ikalegea kuliko miguu, hata kama picha ya eksirei haina mfupa uliovunjika: fikiria jeraha katikati ya ugwe wa shingo.

Ninaowahofia zaidi ni wa kiuno. Ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake ni mizizi ya neva kama mkia wa farasi. Mama anakuja na maumivu ya mgongo, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama pale anapokalia kiti cha baiskeli pamekufa ganzi, wala kama mkojo unagoma kutoka. Yeye anaona haya kusema. Uliza wewe, kwa heshima, mlango umefungwa. Akisema ndiyo, huenda mizizi hiyo imebanwa; huyo ni wa upasuaji wa haraka, si wa kupangiwa kliniki.

Swali? Ndiyo, dada. Aliyepooza leo, ndugu wakiuliza kama atatembea? Usiwajibu siku ya kwanza. Ugwe ulioumia huweza kuzimika wote kwa siku au wiki, hata sehemu iliyo nzima. Mpime leo, mpime kesho, mpime kesho kutwa, kwa pini ileile. Hapana, si ileile. Pini mpya. (Kicheko.)