Kwa nini dawa na mionzi vinakwenda pamoja: mhadhara kwa wanafunzi wa afya na wananchi, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo? Nimefurahi kuona ukumbi umejaa, maana jambo hili linagusa nyumba nyingi hapa Mbeya. Mama anakutwa na saratani ya mlango wa kizazi, anapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huko anapigwa mionzi siku tano za wiki, na mara moja kwa wiki anatundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Ndugu wanauliza: kwa nini vyote viwili, wakati kimoja tu kinamchosha?

Jibu lilianzia maabara. Mwaka 1956, huko Marekani, watafiti Puck na Marcus walizipiga mionzi seli za HeLa, seli zinazokuzwa maabara, ambazo asili yake ni saratani hiyohiyo ya mlango wa kizazi iliyomuua Henrietta Lacks mwaka 1951. Kisha wakahesabu zilizobaki na uwezo wa kuzaa. Hapa naomba mtulie. Seli iliyopigwa mionzi unaweza kuiona nzima kwenye darubini, imejishikiza chini ya sahani ya maabara, pengine ikagawanyika mara moja au mbili, kumbe imeshakwisha. Ndiyo maana hatuulizi kama ipo, tunauliza kama itazaa. Unaweka seli chache kwenye sahani, unaziacha kwenye inkubeta ya nyuzi joto 37 kwa wiki moja hadi mbili au zaidi, halafu unamimina rangi ya zambarau na madoa yanajitokeza. Kila doa ni kundi la seli lililotokana na seli moja iliyozaa; lenye seli 50 au zaidi ndilo tunalolihesabu.

Mahindi hayaoti punje zote hata shamba likiwa zuri, na seli ni vivyo hivyo. Lazima iwepo sahani ya kulinganishia, isiyoguswa na dawa wala mionzi.

Sasa tuseme, ukilinganisha na sahani hiyo, dawa peke yake imebakiza asilimia 80 ya seli zinazoweza kuzaa, mionzi peke yake asilimia 50. Kama kila kimoja kinafanya kazi yake kivyake, kwa pamoja tarajieni 40, yaani asilimia 80 ya 50. Mkikuta 20, hapo ndipo mseme dawa imeongeza makali ya mionzi. Mionzi inakata nyuzi za DNA, zinazobeba maelekezo ya seli, sisplatini inazinasisha na kuvuruga ukarabati wake. Wanafunzi, msitangaze kwamba vimesaidiana kwa sababu tu namba imeshuka. Zidisheni kwanza!

Mwaka 1999, baada ya majaribio kwa wagonjwa wenyewe, taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani iliwahimiza madaktari kuunganisha viwili hivi. Lakini sahani haina figo. Sisplatini inaumiza figo, kwa hiyo mgonjwa anapimwa damu na kuongezewa maji. Dawa ikiahirishwa wiki hiyo, msigombane na wauguzi.

Mionzi ndiyo isikatike njiani. Seli zilizosalia zinaendelea kuzaana mgonjwa akiwa amerudi nyumbani kutafuta hela, na matibabu yakivuka wiki 8 nafasi ya kupona inapungua. Hela ya kula na mahali pa kulala Dar vipangwe vya kipindi chote kabla mama hajapanda basi.